“Borrow” au “lend”? Maneno ya Kiingereza yanayotuponyoka kando ya Ziwa

Kijana anayetembeza wageni ziwani kwa boti aliingia steshenari kwangu asubuhi moja, uso umemshuka. Familia ya wageni iliyokuwa imeshakubali safari ilikuwa imeghairi usiku. “Kaka, hebu soma wewe,” akanipa simu. “Mimi nimewaahidi hisani, wao wamenikimbia.”

Nikasoma. Mgeni alikuwa ameuliza kuhusu usalama wa watoto wakiwa majini. Kijana akamjibu: “No problem, I will borrow you four life jackets.” Alikusudia kusema atawaazima jaketi okozi nne, bila malipo yoyote. Mgeni alichoelewa ni kitu kingine kabisa. Alielewa kwamba mwenye boti anataka kuazima jaketi nne. Yaani boti haina hata moja, na safari ya kesho inategemea jaketi zitakazookotwa kwa watu. Mzazi gani angepandisha watoto wake humo?

Angeandika “lend” badala ya “borrow,” safari ingekuwepo. Nimechapa na kusahihisha barua nyingi za Kiingereza hapa Mwanza, za wafanyabiashara wa samaki, za wanafunzi, za watu wanaoomba kazi, na makosa ya namna hii nayaona karibu kila siku. Watu huyaita uvivu wa kusoma, au kukosa akili ya lugha. Sikubali hata kidogo. Makosa haya yanatoka kwenye Kiswahili chetu, tena mahali ambapo Kiswahili chetu kiko sahihi kabisa.

Tuanze na hilo la jaketi. Kitenzi kuazima kina njia mbili. Ukisema “nimeazima jembe kwa jirani,” jembe limekuja kwako. Ukisema “niazime jembe,” unamwomba jirani alitoe lake. Kitenzi ni kilekile, jembe linakwenda pande zote mbili, na hakuna anayepotea, kwa sababu viambishi vinafanya kazi yake: ile ni- ya “niazime” imeshaonyesha nani anapokea. Kiingereza hakina kiambishi cha aina hiyo ndani ya kitenzi. Habari ya upande imewekwa kwenye neno lenyewe. “Borrow” ni kuvuta kitu kije kwako, “lend” ni kukitoa mkononi mwako. Sasa mtu akichukua “nitawaazima,” akaivua viambishi vyake akabaki na azima tupu, ametupa kile kilichobeba upande. Halafu anaokota “borrow,” kwa kuwa ndilo neno alilolisikia kwanza shuleni, na hapo kasema kinyume cha alichokusudia.

Dawa tunayo wenyewe. Kukopa na kukopesha havijawahi kumchanganya mtu. Nenda kwenye kikoba chochote, mama ambaye hajakanyaga sekondari atakwambia nani amekopa na nani amekopesha, na kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kuandika, pitisha sentensi yako hapo. “Nitawakopesha jaketi” haisikiki vizuri, maana jaketi haikopeshwi, lakini upande umeshajulikana: ni kukopesha, basi andika “lend.” “Nimekopa kwa rafiki,” basi andika “borrow.” Nilimpa kijana njia hii na akaishika palepale, kwa sababu hakuhitaji kukariri kitu kigeni.

Na tusijidharau. Kwenye jambo hilihili sisi tunatofautisha kitu ambacho Kiingereza kimekiacha. Tunaazima kinachorudi chenyewe: jembe, sufuria, kalamu. Tunakopa kinachorudi mfano wake: fedha, kilo ya unga. Kwa Kiingereza vyote viwili ni “borrow.” Isitoshe, Kiingereza nacho kina vitenzi vya njia mbili. Ukiandika “she rents a room in Nyegezi,” msomaji hajui kama huyo dada ni mpangaji au ni mwenye nyumba. Sisi tunasema amepanga au amepangisha, utata umekwisha. Wenyewe wakitaka kuweka wazi kwamba ni mwenye nyumba husema “let,” na ndiyo maana vibao vya nyumba huandikwa “to let.”

Kitu kinachofanana na hicho kipo kwenye kusikia. Asubuhi upepo ukitoka ziwani, mtu wa Mwanza anasema nasikia baridi. Akichelewa kunywa chai anasema nasikia njaa. Akipita Kirumba Mwaloni anasikia harufu ya dagaa, na papo hapo anasikia muziki kutoka dukani. Mambo manne, kitenzi kimoja, na ni Kiswahili kizuri, maana kwetu kusikia ni hali ya kitu kukufikia, kiwe kimepitia sikio, pua, ngozi au tumbo. Kiingereza kinataka kujua kimepitia mlango upi. Baridi ni “feel,” harufu ni “smell,” muziki ni “hear.” Njaa kwa kawaida haipewi hata kitenzi cha hisia, wanasema “I am hungry.” Kwa hiyo barua inayosema “I was hearing cold” ina mantiki kamili ndani yake, ila Mwingereza akiisoma anaona kama baridi ilikuwa inapiga kelele.

Kuona ni nyepesi kidogo, na hapa ziwa lenyewe linasaidia kufundisha. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mwanga wa taa haushindi, na wavuvi wengi hupumzika. Usiku wa giza ukitazama maji, unaona mstari wa taa kama mji mwingine umejengwa humo. Ukisema “I saw the lights,” taa zimekujia machoni bila wewe kufanya lolote. “I looked at the lights” ni kwamba uligeuza macho kwa makusudi ukayaelekeza kwazo. “I watched the lights” ni kwamba ulikaa ukizifuatilia, zikisogea, moja ikipotea, nyingine ikiibuka. “Watch” inadai muda na inadai kitu kinachoweza kubadilika. Ndiyo sababu picha ya ukutani hatuiwekei “watch,” bali “look at,” na mechi ya Kirumba ukiifuata kwenye televisheni ni “watch.” Inapendeza kujua kwamba “watch” na “wake” ni ndugu wa ukoo mmoja, na zamani maana yake ilikuwa kukesha. Mlinzi wa usiku hadi leo wanamwita “watchman.” Wavuvi wa dagaa wanaokesha na karabai zao wangemwelewa aliyebuni neno hilo.

Sasa nije kwenye neno ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu tunalikanyaga kila siku. Mwanza inaitwa Rock City. Zanzibar kuna Stone Town. Watoto wa sekondari wameshaniuliza mara nyingi: kwa nini isiwe kinyume? Si yote ni mawe?

Jibu limesimama mbele ya macho yetu. Panda Isamilo, au angalia Igogo na Mabatini, nyumba zimepandana juu na katikati ya mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe, mengine yamebebana kana kwamba yanataka kuanguka kesho. Karibu na kivuko cha Kamanga lipo lile linalotokeza majini, Bismarck Rock, lililopewa jina la kansela wa Ujerumani enzi za ukoloni. Hakuna mtu aliyeyaweka hapo. Yalikuwepo kabla ya mji, na mji umeyazunguka kwa sababu umeshindwa kuyaondoa. Hiyo ndiyo “rock”: mwamba, sehemu ya ardhi yenyewe, jinsi ulivyo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni habari nyingine. Kule hakuna miamba ya kutisha. Kuna nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mawe yaliyochimbwa, yakabebwa, yakachongwa na kupangwa ukutani. Hiyo ni “stone”: jiwe lililopita mikononi mwa watu, au linalotosha kuingia mkononi. Miji miwili ya nchi moja, na majina yake ya Kiingereza yanafundisha tofauti vizuri kuliko kamusi.

Kuna mama mmoja anayeponda kokoto kando ya njia ninayopita kwenda kazini. Siku moja nilisimama, nikamsalimu shikamoo, nikamuuliza anaviitaje hivi vitu vilivyomzunguka. Hakuacha nyundo. “Huo nyuma ni mwamba,” akasema, akiuonyesha kwa kidevu. “Haya aliyoyapasua mwanangu ni mawe. Hizi ndizo kokoto, mwanangu, ndizo zinazolipa.” Alikuwa amekalia gunia, mguu mmoja ameunyoosha, jiwe amelibana kwa mpira wa ndara usiumize vidole. Alichokisema ndicho hasa Kiingereza kinachokisema: “rock,” “stone,” “gravel.” Mwamba uko ulipozaliwa, jiwe limeshatolewa, kokoto zimeshapondwa kwa kazi. Tofauti ambayo wanafunzi wanaililia, yeye anaishi nayo kuanzia asubuhi hadi jioni. Tatizo ni kwamba mazoea ya mtaani yanaviita vyote “mawe,” na mwanafunzi anapotafsiri anaanzia mtaani.

Ukishaelewa hivyo, mengine yanajipanga. Mawe ya figo ni “kidney stones,” hata siku moja huwezi kusema “rocks.” Kokwa la embe ni “stone.” Jiwe la kaburi ni “gravestone.” Lipo jambo moja la kuangalia: Mmarekani huliita “rock” hata jiwe dogo la kurusha, hivyo ukisikia kwenye filamu kijana ametupa “rock” dirishani, usifikiri ameinua mwamba. Mitihani yetu hufuata zaidi Kiingereza cha Uingereza, na huko kinachorushwa ni “stone.”

Nikiwa bado ziwani, niseme neno kuhusu kingo za maji. Mara nyingi hukutana na sentensi “Mwanza is on the coast of Lake Victoria.” Neno “coast” ni la bahari. Ni pwani, ule ukanda mpana ambapo nchi inakutana na bahari, kama Tanga au Kilwa. Ziwa, hata hili letu lenye kilomita za mraba zinazokaribia 69,000 na linalogawanywa na Tanzania, Uganda na Kenya, lina “shore.” Mahali penye mchanga au changarawe pa kutandika mkeka na kuogelea ni “beach,” liwe ziwa au bahari. Mto una “bank”: Kagera, Simiyu, Mara. Na mwalo wetu, pale mitumbwi inapoegeshwa, samaki wanashushwa na bei inapigwa, hauna neno moja la Kiingereza linaloutosha. Ripoti za uvuvi huandika “landing site,” maneno mawili makavu yasiyo na kelele wala harufu. Mimi nikiandika kwa mgeni huacha “mwalo” kama ulivyo na kueleza mara moja.

Kisha bei. Mfanyabiashara mmoja alitaka nimchapie bango: “Easy fish here.” Kwetu rahisi ni kisichokuwa kigumu na pia kisichokuwa ghali, na ukweli ni kwamba maana ya bei ndiyo ya ukoo, kwani neno lilitoka Kiarabu ambako linamaanisha bei ya chini. Maana ya “si kigumu” tumeikuza wenyewe. Kiingereza kinatenganisha: “easy” kwa kazi, “cheap” kwa bei. Lakini hata “cheap” sikumchapia. “Cheap” ina kivuli cha ubovu. Mtu akisoma “cheap fish” anaanza kuwaza samaki wamekaa jua siku ngapi. Tuliandika “affordable,” yaani bei unayoimudu. Na samaki wake wa kuanikwa tuliwaandika “dried,” kwa kuwa kuna mtu aliyewakausha. “Dry” ingesema tu kwamba hawana maji, kama nguo iliyosahaulika kambani.

Nimetaja kivuli, na nacho kina lake. Kivuli cha mwembe unachokaa kupunga upepo ni “shade,” kivuli chako kinachokufuata barabarani ni “shadow.” Kimoja ni mahali, kingine kina umbo la mtu. Maneno yote mawili yalichipuka kutoka neno moja la Kiingereza cha kale, na muda ukayatenganisha.

Hapo mtu atauliza, kwa nini Kiingereza kina maneno mengi namna hii yanayokaribiana? Sehemu kubwa ya jibu iko mwaka 1066, pale William wa Normandy alipoivamia na kuitwaa Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa walizungumza Kifaransa, na watu wa chini wakabaki na lugha yao. Mchungaji akafuga “sheep,” bwana akala “mutton.” Ng’ombe zizini ni “cow,” mezani ni “beef.” Nguruwe ni “pig,” akipikwa ni “pork.” Baadaye wasomi wakamimina Kilatini juu yake. Kwa sababu ya kile Kifaransa, kuanza ni “begin” nyumbani na ni “commence” kwenye barua ya serikali, na injini ya boti huwezi ku-“begin” wala ku-“commence,” ni “start” peke yake.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa kuwa nasi tuna tabaka zetu. Uzima ni neno la Kibantu, afya limetoka Kiarabu. Asubuhi tunaulizana “mzima?” na hakuna anayemuuliza jirani yake “una afya?” Lakini tuna Wizara ya Afya, na Wizara ya Uzima ingetuchekesha. Unaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Tofauti ya “begin” na “commence” ni ya aina hiyohiyo, na ukiona neno la Kiingereza limefanana na jingine, swali la kwanza liwe: hili linatumika mlangoni au ofisini?

Samaki alinusurika kwenye vita hiyo. Akiwa ziwani ni “fish,” akiwa sahanini ni “fish.” Hata kwa wingi ni “fish,” sawasawa na sisi tunaosema samaki mmoja, samaki kumi. “Fishes” ipo, lakini watafiti huitumia wakihesabu aina: sato, sangara, furu, ningu, kamongo. Ndoo ya sato watupu, hata wawe hamsini, ni “fish.”

Kuna jozi nyingine ambazo sitazikalia. “Affect” ni kuathiri, “effect” ni athari, kitenzi na nomino, yamekwisha. “Advise” ni kushauri na “advice” ni ushauri, tena huo ushauri hauna wingi kwa Kiingereza. “Tell” inafanana sana na kuambia, kwa kuwa zote mbili hudai mtu wa kuambiwa. “Say” ni kusema. Anayeandika “he said me” ajiulize tu kama kwa Kiswahili angesema “alinisema,” ambayo ni habari nyingine kabisa, ya kusengenywa au kugombezwa.

Ila “ask” inastahili dakika moja, kwa sababu hapa Kiingereza ndicho chenye neno moja na sisi tuna mawili. Kuuliza na kuomba vyote ni “ask,” na kinachotenganisha ni kale kaneno “for.” “I asked him the price” ni nilimuuliza bei. “I asked him for money” ni nilimwomba fedha. Barua nyingi za kazi huja kwangu zikisema “I ask a job,” na “for” ikikosekana, ombi zima linayumba. Kwenye barua ya kazi ni heri zaidi kuandika “apply for,” maana hilo ndilo neno la kuomba kwa utaratibu, wenye fomu na vyeti.

Tuliketi na yule kijana wa boti tukaandika upya ujumbe wake wa kuwakaribisha wageni. Sentensi ya jaketi tuliiweka juu kabisa: “We lend a life jacket to every passenger, free of charge.” Aliisoma kwa sauti mara mbili, akaigeuza kwa Kiswahili mwenyewe, “tunamkopesha, hapana, tunamwazima kila abiria,” akatikisa kichwa akaridhika. Simu yake ikaita, mtu alikuwa anamsubiri mwaloni. “Nakuja, kaka,” akaniambia huku anatoka.

Nikamwita arudi kidogo. Nilimwambia hilo nalo asimwambie mgeni kwa neno lilelile. “Nakuja” yetu ya mlangoni maana yake natoka sasa na nitarudi. “I’m coming” ni ya mtu anayesogea kuelekea kwa anayezungumza naye. Kwenye simu, kumwambia anayekungoja mwaloni, ni sawa kabisa. Kumwambia mgeni uliyemwacha amekaa botini, useme “I’ll be right back.” Akairudia akiwa anashuka ngazi, mara ya kwanza polepole, ya pili kwa kasi.